Supamaketi Hukopeshwa na Nani?

Aghalabu mazungumzo juu ya maduka makubwa huanzia kwenye jengo. Watu hutaja ukubwa wa ukumbi, wingi wa taa, vikapu vya magurudumu, mashine za kusoma alama za bei, na mamilioni yaliyotumika kabla mlango haujafunguliwa. Duka likifunguliwa, mgeni rasmi hukata utepe. Likifungwa, huulizwa kama ni kodi iliyoliua, au ushindani, au hali ya uchumi wa dunia. Ni mara chache kuulizwa jambo la kawaida zaidi, nalo ni hili: nani alikuwa akiamua kila asubuhi bidhaa gani iagizwe, kwa kiasi gani, kutoka kwa nani, na huyo aliyeileta alipwe lini?

Maamuzi hayo manne hayavutii macho. Hayana utepe wa kukatwa. Lakini ndiyo yaletayo uhai au mauti ya duka, liwe la mbao moja ya kaunta au la matawi sitini. Na katika hayo manne, lile la mwisho, yaani siku ya kumlipa aliyeleta mali, ndilo lililoyaangusha maduka makubwa ya Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni. Nalo linamhusu mkulima wa Yakobi kuliko linavyomhusu mwenye hisa wa Nairobi.

Yakobi ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, kwenye nyanda za baridi ambako viazi mviringo, mahindi, maharage, miti ya mbao na siku hizi parachichi ndiyo mazao ya watu. Maduka yake ni yale yajulikanayo na kila Mtanzania aliyekulia kijijini: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula, viberiti, betri, daftari za shule, misumari. Mzigo hufuatwa Njombe mjini, au mbele zaidi Makambako, kilomita 60 hivi kutoka Njombe, pale ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kwa sababu ya njia panda hiyo Makambako umekuwa mji wa maduka ya jumla. Mwenye duka wa Yakobi hana haja ya kuambiwa na mtaalamu kwamba kufuata mzigo kuna gharama. Nauli huilipa yeye, na siku hiyo duka hufungwa au huachiwa mtoto.

Swali lake ni la kisayansi, ingawa yeye haliiti hivyo: ukishafika Makambako, ununue kiasi gani?

Hesabu ya mzigo

Swali hilo lilipata jibu la kimahesabu mwaka 1913, pale mhandisi wa Marekani, Ford W. Harris, alipochapisha kanuni fupi katika jarida la mambo ya viwanda. Harris aliona kuwa kuna gharama mbili zinazovutana. Kila safari ya kuagiza ina gharama yake, hivyo yafaa kuagiza mara chache na kwa wingi. Lakini kila gunia linalokaa stooni nalo lina gharama: fedha iliyofungwa humo, unyevunyevu, panya, wizi. Hivyo yafaa kuagiza kidogo kidogo. Kiasi bora ni pale gharama hizi mbili zinapolingana, nacho hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba duka moja huuza mifuko 100 ya sukari kwa mwaka, kila safari ya kufuata mzigo hugharimu shilingi 20,000, na kukaa na mfuko mmoja stooni mwaka mzima hugharimu shilingi 10,000. Zidisha mbili kwa 100 kwa 20,000, gawanya kwa 10,000, utapata 400. Kipeuo chake cha pili ni 20. Basi mifuko 20 kwa safari, safari tano kwa mwaka. Safari zitachukua shilingi 100,000, na kwa kuwa stoo huwa na mifuko kumi kwa wastani, kuitunza kutachukua 100,000 nyingine.

Uzuri wa kanuni hii hauko katika usahihi wake bali katika upole wake. Mwenye duka akikosea akanunua mifuko 40 badala ya 20, jumla ya gharama hupanda kutoka 200,000 hadi 250,000, yaani kwa robo tu. Akikosea upande wa pili akanunua kumi, matokeo ni yale yale, 250,000. Hesabu husamehe. Na mtu ambaye fedha yake ni ya mkopo wa riba kubwa, kiasi kwamba kila mfuko unaolala stooni unamgharimu mara nne ya huo wa mfano, kanuni humwambia anunue nusu tu ya mwenziwe na kusafiri mara mbili zaidi. Hivyo ndivyo wafanyavyo wenye maduka wadogo bila ya kumsoma Harris. Msomi anayewacheka kwa kununua kidogo kidogo hajui kuwa wanapiga hesabu iliyo sahihi.

Kwa upande wa ujazo wa stoo, basi, kosa husamehewa. Kuna makosa mawili ambayo hayasamehewi, nayo ni rafu tupu na deni lililochelewa.

Juu ya rafu tupu sayansi ya biashara imepata mambo ya kustaajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Daniel Corsten na Thomas Gruen walikusanya tafiti za nchi nyingi wakaona kwamba katika kila bidhaa mia anazotarajia mteja kuzikuta, nane hivi hazipo rafuni. Wengi wangedhani kosa ni la kiwanda au la lori. La hasha: zaidi ya theluthi mbili ya upungufu huo ulitokana na duka lenyewe. Ama liliagiza vibaya, ama bidhaa ilikuwa stooni hapo hapo, nyuma ya ukuta, na hapakuwa na mtu wa kuitoa. Mwaka 2008 Nicole DeHoratius na Ananth Raman walitoa utafiti mwingine wa maduka 37 ya kampuni moja ya Marekani. Walilinganisha karibu kumbukumbu 370,000 za kompyuta na bidhaa zilizokuwapo kweli, wakakuta asilimia 65 ya kumbukumbu hizo si sahihi. Kompyuta ilisema zipo, rafu ikasema hazipo. Na kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyoagiza, bidhaa hizo hazikuagizwa tena.

Mwenye duka wa Yakobi hana tatizo hilo. Akitaka kujua kama sabuni imebaki, hugeuza shingo. Anayeamua na anayeiona rafu ni mtu mmoja, na hapo ana nguvu ambayo mashine ya mamilioni haijaweza kuinunua kikamilifu.

Hii si kusema kwamba ameikamilisha kazi. Udhaifu wake uko kwingine, na unafahamika: fedha ya duka na fedha ya nyumbani hukaa katika kopo moja. Ada ya mtoto hutoka humo, rambirambi hutoka humo, na jirani aliyechukua kilo mbili za sukari kwa kuandikiwa huahidi kulipa baada ya mavuno. Daftari la madeni hunenepa huku rafu zikikonda. Mafunzo ya biashara yanayotolewa kwa watu hawa aghalabu huwafundisha kuandika mpango wa kuombea mkopo benki, jambo ambalo wengi wao hawatalifanya. Yangewafaa zaidi yakiwafundisha kuwa na makopo mawili.

Wakati wa mgao

Tanzania imewahi kujaribu kuendesha maduka kwa mpango wa taifa zima, na jaribio hilo lastahili kutazamwa kwa jicho la mtafiti badala ya kushangiliwa au kulaaniwa tu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa ya jumla iliwekwa chini ya Shirika la Taifa la Biashara. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa, na kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, zile zilizojulikana na watu kwa herufi RTC. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyokusudia kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka badala yake maduka ya vijiji na ya ushirika. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Haikuwa mkoa wenyewe hadi mwaka 2012.

Lengo halikuwa ovu. Mlanguzi alikuwapo kweli, na mwanakijiji alinyonywa kweli. Lakini ukiyapitia maamuzi manne yaliyotajwa mwanzoni, utaona kwamba mwendeshaji wa duka la kijiji hakuachiwa hata moja. Bidhaa gani iletwe iliamuliwa na mgao. Kiasi gani kiliamuliwa na mgao. Itoke kwa nani haikuwa na mjadala, kwani mlango ulikuwa mmoja. Hata bei ilipangwa na Tume ya Taifa ya Bei iliyoundwa mwaka 1973, na faida iliyoachwa kwa duka la mbali mara nyingi haikutosha kulipia usafiri wa kuifikisha bidhaa huko. Duka lililoko njiani liliweza kupumua. Lililoko mlimani, ambako gari hukwama wakati wa masika, lilipewa bei ya mtu aliyeko lamini.

Si ajabu basi kwamba wengi walizoea kuona rafu yenye bidhaa moja tu iliyojipanga tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyokuja na lori. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliongeza uchungu, na mtu mwadilifu hawezi kuyatwisha maduka ya vijiji lawama ya mambo hayo. Hata hivyo uhaba haueleze kila kitu. Palipokuwa na bidhaa, mara nyingi zilikuwa mahali pasipohitajika, kwa kuwa habari ya nini kimeuzwa Yakobi haikuwa na njia ya kufika kwa aliyekuwa akijaza lori Iringa. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, na maduka ya watu binafsi yakarudi kwa kasi iliyoonyesha kuwa ujuzi wa kuyaendesha ulikuwa bado haujafa.

Wako wanaofunga habari hiyo hapo kwa kusema: mnaona, dola haijui kuuza sukari. Ingekuwa hoja nzuri kama makampuni ya watu binafsi yangekuwa yameonyesha kuwa yanajua.

Kutoka magodoro hadi matawi

Jambo la ajabu katika historia ya maduka makubwa ya Kenya ni kwamba mawili kati yake yalianzia kwenye magodoro, na yote mawili Nakuru. Jina la Nakumatt limetokana na Nakuru na neno la Kiingereza la magodoro; Tuskys nalo lilitokana na Tusker Mattresses. Kutoka hapo yalipanda hadi kuwa majina makubwa ya rejareja katika eneo hili. Nakumatt lilipofika kilele lilikuwa na matawi sitini na zaidi katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 lilinunua maduka matatu ya Shoprite ya Afrika Kusini, yaliyokuwa Dar es Salaam na Arusha, baada ya kampuni hiyo kuamua kuondoka Tanzania.

Miaka michache baadaye wateja walianza kukuta rafu tupu. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya na mabenki, wenye majengo na wasambazaji wa bidhaa. Matawi sita yaliyobakia yalinunuliwa na Naivas, duka ambalo jina lake limetoka Naivasha, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Tuskys ilianza kuyumba mwaka huo huo wa 2020, rafu zake zikapungukiwa, wasambazaji wakasimamisha magari, na tawi baada ya tawi likafungwa.

Uchumi ni habari ya pekee, kwa kuwa haikuwa mali ya ukoo. Ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma ya Kenya, ikaingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, ikafunga milango katikati ya 2006, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, kisha ikaugua tena ugonjwa ule ule. Oktoba 2015 iliamua kuyafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa yafaa kuangaliwa: matawi hayo ya nje yalikuwa chini ya asilimia 5 ya shughuli zake, lakini yalikuwa yakila takriban robo ya gharama za uendeshaji. Haikuwa siri iliyohitaji mpelelezi, bali mtu wa kulinganisha safu mbili za tarakimu miaka mitano mapema.

Mtu akiuliza waliteleza wapi, atajibiwa mengi. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 liliharibu mojawapo ya maduka makubwa ya Nakumatt. Kulikuwa na kodi kubwa za majengo mapya, ugomvi wa ndugu, na usimamizi uliotiliwa shaka. Yote hayo yalikuwapo. Lakini chini yake kuna hesabu moja isiyohitaji msiba wala ugomvi ili ifanye kazi yake ya uharibifu, na hiyo ndiyo iliyo kiini cha makala haya.

Fedha ya mwenyewe na fedha ya jirani

Duka kubwa huuza kwa fedha taslimu na hununua kwa mkopo. Na ichukuliwe kwamba kila siku linapokea kwa wasambazaji bidhaa za shilingi milioni moja, kwamba bidhaa hukaa rafuni siku 15 kabla ya kuuzwa, na kwamba wasambazaji hulipwa baada ya siku 45. Ukipiga hesabu, duka linadaiwa milioni 45, lina bidhaa za milioni 15, na tofauti ya milioni 30 imo mkononi mwake ikiwa fedha taslimu. Fedha hiyo haikutoka benki. Haina riba wala dhamana. Kila siku inayopita inatoka kidogo na kuingia kidogo, kiasi kwamba ziwa halipungui, na baada ya miaka miwili au mitatu mwenye duka husahau kwamba maji yale ni ya mto wa watu.

Ndipo anapoitumia kujenga tawi jipya. Tawi jipya nalo hupokea bidhaa za mkopo, nalo huzaa ziwa lake, na ziwa hilo hujenga tawi la tatu. Mambo yote huonekana kustawi, na magazeti huandika.

Sasa mauzo yashuke kwa nusu, kwa sababu yoyote ile: barabara imechimbwa mbele ya duka, mshindani amefungua ng'ambo, wateja wamepungukiwa. Kwa mauzo ya nusu, deni la kawaida ni milioni 22 na nusu, bidhaa milioni 7 na nusu, na fedha inayopaswa kubaki mkononi ni milioni 15. Maana yake ni kwamba milioni 15 nyingine zinatakiwa zirudishwe kwa wenyewe katika muda wa siku 45. Nazo haziko. Zimekuwa zege na vioo. Duka linachelewesha malipo. Wasambazaji wakubwa, ambao wana wanasheria na wana bidhaa inayotakiwa na kila mtu, wanasimamisha magari. Rafu zinaanza kuonyesha mbao. Mteja akikosa maziwa mara mbili hahesabu mara ya tatu. Mauzo yanashuka tena. Kutoka hapo kila hatua huivuta iliyofuata.

Mtu atakayesoma habari za Nakumatt, Tuskys na Uchumi kwa utaratibu huu ataona dalili hizi zikifuatana zilivyo. Na ataona pia kwamba tofauti kati ya mgao wa 1976 na upanuzi wa miaka ya 2010 si kubwa kama wanavyodai wenye itikadi. Katika wa kwanza, lori lilijazwa na mtu asiyeiona rafu. Katika wa pili, tawi lilifunguliwa na mtu asiyeliona deni. Mwenye duka wa Yakobi, akila mtaji wake, huona siku ya pili tu kwamba hana nauli ya Makambako. Kwa mkubwa, mkopo wa wasambazaji huificha habari hiyo miaka kadhaa.

Mali kauli

Wafanyabiashara wa Tanzania wana neno lao kwa bidhaa inayotolewa kwa kuaminiana, ilipwe ikishauzwa: mali kauli. Ni utaratibu wa zamani na wa heshima. Mwenye duka la jumla aliye na uwezo humwinua kijana aliyeanza, naye kijana hulinda jina lake. Mwenye nacho hukopesha asiye nacho. Katika supamaketi utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Mkulima wa viazi asiye na akaunti yenye kitu ndiye anayempa mali kauli mwenye jengo la ghorofa.

Yafaa kueleza faida za soko hilo kabla ya kulilaumu. Duka kubwa hununua kwa mizani. Kwa mkulima wa Njombe hili si jambo dogo, kwa sababu kwa miaka mingi viazi vyake vimechukuliwa kwa lumbesa, gunia lililofungwa kofia juu hadi likawa gunia na nusu, ingawa sheria ya vipimo inalikataza. Duka kubwa pia hutaka madaraja, yaani ukubwa na usafi unaolingana, na hilo limewafundisha wakulima wengi kuchambua mazao. Kuna na uhakika wa kiasi fulani cha soko. Anayeuza kwa dalali kando ya barabara hana hata kimoja katika hivyo.

Lakini dalali hulipa hapo hapo, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Tuseme gunia la viazi ni shilingi 50,000, lilipwe baada ya siku 60. Katika siku hizo mkulima ana mbolea ya kununua na vibarua wa kulipa, naye hukopa kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba ya miezi miwili juu ya 50,000 ni 10,000. Gunia lililoandikwa 50,000 kwenye hati ya supamaketi limemfikia kwa 40,000. Kama dalali alitoa 43,000 taslimu, mkulima aliyemkimbilia dalali hakuwa mjinga wala hakukosa elimu ya ujasiriamali.

Watetezi wa maduka makubwa husema kuwa yakilazimishwa kulipa mapema yatashusha bei. Huenda. Basi na yashushe, bei ionekane. Bei ya leo na bei ya baada ya siku 60 ni bei mbili tofauti, na mkulima ana haki ya kuziona zote mbili zimeandikwa kabla ya kupakia gari. Kinachodhuru ni mkopo usio na jina wala riba, unaorefuka kwa amri ya mkopaji.

Nchi nyingine zimekwisha kulitungia sheria. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2019, uliweka kwamba mnunuzi mkubwa wa chakula kinachoharibika amlipe muuzaji aliye mdogo kuliko yeye katika siku zisizozidi 30, na kwa chakula kingine siku 60. Kenya, ikiwa na makovu ya Nakumatt mwilini, ilirekebisha sheria yake ya ushindani mwaka huo huo ili kuipa mamlaka husika nguvu juu ya mnunuzi anayetumia ukubwa wake vibaya, pamoja na kuchelewesha malipo bila sababu. Tanzania inayo Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003, inavyo vyama vya ushirika vya mazao, na inao wahasibu wa kutosha. Muda wa kumlipa mkulima ungewekwa katika kila mkataba wa mazao yanayoharibika, usizidi siku 14, na riba ya ucheleweshaji iandikwe pamoja nao. Wala hili si la kumhurumia mkulima peke yake. Duka linalolazimika kulipa kwa siku 14 bidhaa inayokaa rafuni siku tano haliwezi kujikusanyia ziwa kubwa la fedha za watu, na lisipokuwa na ziwa hilo halitajenga tawi ambalo haliwezi kulihudumia. Kanuni inayomlinda mkulima humlinda na mwenye duka dhidi ya tamaa yake.

Kwa upande wa vyuo, mitaala ya biashara ina vipindi vingi vya uongozi na matangazo. Ingekuwa vema mwanafunzi wa mwaka wa pili apelekwe wiki tatu kuhesabu mali katika duka moja, rafu kwa rafu, na kulinganisha na kompyuta inavyosema. Wengi watarudi na tarakimu za kufanana na zile za Marekani, na pengine mbaya zaidi, na mwenye duka atakuwa wa kwanza kushukuru.

Duka la kujihudumia likijengwa kesho Njombe au Makambako na kuahidi kununua viazi na parachichi za Yakobi, viongozi wa ushirika watakaoitwa kutia sahihi wana tarehe za kuzizingatia. Mvua za kupandia huanza kuelekea mwishoni mwa Novemba, na mbolea ya kupandia inatakiwa iwe nyumbani kabla ya hapo. Mzigo uliopelekwa katikati ya Septemba kwa siku 60 hulipwa katikati ya Novemba, kama utalipwa siku yake. Ukicheleweshwa siku 30 tu, fedha itafika katikati ya Desemba, mahindi ya jirani yakiwa yamekwisha kuota.